Mteja Aliyepimwa Shingo Peke Yake

Dada yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna breki. Dukani kwao mume wake hukata vitambaa, mimi nashona vifungo, na yeye anapima wateja na kutusema sote. Kwenye kola hana mjadala: ingiza vidole viwili chini ya tepu, ndipo usome inchi. Asiyefanya hivyo, anasema, anamshonea mtu kitanzi.

Miaka mitatu iliyopita tezi ya shingo ilianza kumvimba. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba ni goita, arudi kupimwa kila baada ya miezi sita, na ikiendelea kukua mpaka imbane koo la hewa, basi ni upasuaji. Akaongeza kwamba neva ya sauti inapita papo hapo, kwa hiyo wachache huamka na sauti ya kukwaruza. Dada alilisikia hilo la mwisho tu. Akaja nyumbani kutangaza kwamba daktari amesema tusubiri.

Baadaye shemeji akaanza kukoseshwa raha na mteja mmoja. Katika daftari la vipimo, kila mwezi, kwa mwandiko wa dada: "Mteja wa Ijumaa. Shingo, kumi na tano." Kifua hakuna, mikono hakuna, nguo yenyewe hakuna.

"Huyu bwana ameumbwa shingo tu?" shemeji akauliza.

"Bado anachagua kitambaa."

"Mwaka mzima?"

"Wewe kata."

Ijumaa ndiyo siku shemeji na mimi tunapofuata vitambaa kwa muuzaji wa jumla. Ghafla shemeji akawa hataki kwenda, na akianza kuchana nywele asubuhi hamalizi. Wivu wa mwanamume mwenye kitambi unachekesha, na mimi sina tabia ya kujinyima kicheko.

Ijumaa moja tukageuza njiani, tukarudi dukani. Tulimkuta dada peke yake mbele ya kioo cha wateja, tepu shingoni, ameivuta hadi macho yamemtoka, anasoma: "Kumi na tano."

Nilicheka. Mpaka leo najuta. Shemeji hakucheka. Aliilegeza tepu, akaingiza vidole vyake viwili, akasoma polepole. "Kumi na saba na nusu."

"Tepu yenyewe imechakaa," dada akajitia hamnazo.

"Mwezi wa pili huu unalala umekaa, mke wangu. Na chakula unakishushia maji kila tonge. Unadhani sioni?"

Dada akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Naogopa," akasema. "Nikiamka sina sauti, nitakuwa nani humu ndani?"

"Miaka kumi na tisa unanisema, na yote nimeyashika. Sauti ikigoma, wewe nikazie macho tu. Nitajisema mwenyewe."

Dada akaanza kucheka, pumzi ikamkwama katikati. Alishika meza kwa mikono miwili mpaka iliporudi. Kisha akachukua simu, akampigia nesi wa yule daktari, akaomba tarehe.

Nesi alitaka kujua mbona hajaonekana miaka mitatu. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia.

"Nilikuwa najipima mwenyewe," dada akajibu, akimtazama mume wake. "Na nilikuwa najidanganya."