Matembezi Niliyomkataza Mke Wangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyetupa miguu kabla hatujajua pa kwenda, na riziki kabla hatujajua kuiomba. Alichoniachia ni chake, na alichokichukua kilikuwa chake pia. Natanguliza hilo ili msomaji asidhani ninamlalamikia Yeye. Lawama niliyo nayo ni yangu mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilisomesha watoto Kurani katika vilima vya Kondoa, na mke wangu alilima. Shamba letu lilikuwa juu. Kila siku alipanda na kushuka, mara nyingi akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Tulikula ugali wa uwele na mboga ya mlenda, tukashiba, na hakuna aliyewahi kutupima uzito.

Mtoto wetu wa kwanza alipopata kazi mjini, katika ofisi za serikali za Mtumba, alijenga nyumba mtaa wa Mkonze akatuchukua. "Mama asishike jembe tena," alisema siku tuliyofika, nami nikamwombea dua ndefu. Ua wote aliutandika vitofali, hapakubaki hata pa kupanda mchicha. Mkwe wetu, mke wake, alitutunza kama desturi inavyotaka. Sahani ya wazee ilijazwa kwanza, kisha ikaongezwa. Asubuhi chapati na chai ya maziwa yenye sukari nyingi, mchana wali, jioni ugali mweupe na nyama. Kwetu mzazi akisema "inatosha" hasikilizwi mara ya kwanza. Ni adabu yake kukataa, na ni adabu ya mkwe kumwongeza.

Mwaka haukuisha mke wangu akawa anahema kwa kupanda ngazi tatu za baraza. Wageni kutoka Kondoa walimshika mikono wakafurahi.

"Umenawiri, bibi. Kweli umezaa."

"Nimenawiri mpaka viatu vimenikataa," aliwajibu.

Zahanati walimpima, wakamwambia ana kisukari. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba pamoja na vidonge apunguze ugali na wali, aache sukari, ale mboga zaidi, na atembee kila siku mpaka jasho limtoke. Alisisitiza kwamba atakayetembea huku anakula vilevile, au atakayejinyima huku amekaa tu, hatafika mbali. Mke wangu alirudi na furaha ya mtu aliyerudishiwa shamba lake.

"Kutembea ndiyo dawa? Basi mimi nimekunywa dawa tangu utotoni."

Kila kulipopambazuka alijifunga kanga, akaenda mpaka kwenye mashamba ya zabibu na kurudi. Alikula nusu sahani, na mlenda mwingi. Ikapita miezi kama minne. Kuhema kuliisha, akaanza tena kunitania kwamba mzee wa nyumba hii ni mimi peke yangu.

Kisha maneno yakaanza. Mama mzima akipungua mwili nyumbani kwa mwanawe, watu hawasemi amepona; wanasema halishwi. Jirani mmoja alimuuliza mkwe wetu dukani, mbele za watu, "Bibi anakwenda wapi asubuhi zote hizo, peke yake? Mnaelewana kweli?" Mkwe alirudi akalia jikoni. Jioni mtoto wetu alinijia ameinamisha kichwa.

"Baba, naaibika. Wanasema tunamnyima mama chakula. Hata kazini mtu wa kwetu ameniuliza."

Ningeweza kumwambia awaache waseme. Mimi ndiye niliyefundisha watoto, miaka yote ile, kwamba tumbo lisijazwe. Liachiwe sehemu ya maji na sehemu ya pumzi. Badala yake nilimwita mke wangu barazani.

"Mama watoto, pumzika sasa. Unamvunjia mwanao heshima."

"Kwa kutembea?"

"Kwa kuonekana unatembea. Na huo mwili unavyopungua."

"Kumbe, mwalimu, heshima ya mwanangu inakaa kwenye mwili wangu."

Nikachukua tasbihi yangu, nikaanza kuihesabu.

"Haya," akasema.

Hakutoka tena. Sahani ilipojazwa, aliimaliza. Laiti angebishana nami ningekuwa na kitu kingine cha kukumbuka, lakini alitii tu.

Mwili ulirudi na kuzidi. Mvua zilipoanza alipata kidonda kisiginoni. Hakukisikia, maana miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi. Mkwe ndiye aliyekiona, alipokuwa akimmiminia maji ya udhu, na wakati huo kilikuwa kimeshaoza. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Aliporudi nyumbani, majirani walewale walikuja kumjulia hali, wakaleta maandazi na soda. Walipoondoka alizitazama zile chupa, akaniambia, "Wape wajukuu. Mimi nimeshanawiri."

Siku hiyo nilimwomba radhi. Alisema nimechelewa, ila amenisamehe. Kisha akaniuliza kama zabibu zimeshavunwa. Sikujua. Sikuwa nimewahi kufika huko. Alifariki kabla sijaenda kumtazamia.

Sasa kila asubuhi, baada ya swala na nyiradi, naenda mpaka kwenye yale mashamba na kurudi. Mwendo wangu ni wa polepole, na magoti yananilalamikia. Mkwe wetu ananipakulia nusu sahani. Nikisema inatosha, anaweka mwiko chini. Nimepungua, na watu wameanza kuuliza. Miezi miwili iliyopita mtoto wetu alianza kuniambia jambo, akaliacha. Jumapili iliyofuata aling'oa vitofali kwenye pembe moja ya ua, akalima pale mwenyewe mpaka shati likalowa. Kuna mchicha sasa. Hatujazungumza kuhusu mama yake.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie riziki ya kutosha na mkono wa kuishika kwa kiasi, akuhifadhie miguu yako, na akupe watu watakaokuacha utembee. Amina.