Betri Iliyobebwa kwa Leso Ufukoni mwa Ziwa Ontario

Hana gari. Hana glavu za maana, hana mwenzi wa kutoka naye, wala hana siku hata moja ya furaha ya kuwasimulia watu wa kwao Nyamira, ingawa ameishi Toronto miaka minne.

Leo, Jumapili ya Februari 2014, Kwamboka ana baiskeli ya umeme. Ameinunua kuukuu kwa dola mia tatu, mshahara wa siku nne za kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Anashuka nayo kutoka mtaani kwake, Flemingdon Park, hadi ufukoni mwa Ziwa Ontario, ambako maji yameganda juu ya mawe kama nta ya mshumaa.

Hakuja kutembea tu; anatafuta furaha ya kuandika nyumbani. Binti yake wa miaka tisa, Nyanchama, analelewa Nyamira na bibi yake, mama wa Kwamboka. Hati za safari ziko tayari, lakini bibi amegoma.

"Mama aliniuliza, 'Huko ulicheka lini?' Nikaanza kumweleza habari za kazi," anasema Kwamboka. "Akaniambia, 'Mjukuu wangu simpeleki mahali watu hawacheki. Ukicheka, niandikie kwa mkono wako. Kwenye simu mnadanganya sana.'"

Ufukoni, betri inazimika. Baridi imeimaliza nguvu. Kwamboka anaichomoa na kuianika juani, juu ya benchi, kama sote tulivyoanika betri za redio. Lakini jua la Februari hapa ni mwanga mtupu.

Mzee mmoja, skafu imemfunika hadi puani, anasimama.

"Binti, umeanika betri?"

Kwamboka anashtuka kusikia Kiswahili. "Umejuaje mimi ni wa kwetu, mzee?"

"Nani mwingine angeanika betri? Mimi Akberali, wa Kisumu. Wateja wa baba yangu walizianika juu ya bati mwezi mzima, wasije dukani kununua mpya!"

"Kumbe ni nyinyi mliotuuzia zilizokufa!"

Mzee anacheka mpaka skafu inateremka. "Hii haitaki jua. Inataka joto la mtu. Ibebe!"

Kwamboka anatoa leso begini, anaifunga betri mgongoni kama mtoto, anavaa koti juu yake. Anakwenda huku na huku kwenye theluji.

"Mbembeleze, asilie," anasema Akberali.

"Mzito huyu! Sijui baba yake nani."

"Muulize aliyekuuzia!"

Hapo Kwamboka anacheka. Anacheka mpaka anashika benchi, machozi yanamganda kopeni. Kisha anajifuta macho.

"Mzee, nimecheka," anasema, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Betri inapata joto, anairudisha kwenye baiskeli, taa yake inawaka. Inamfikisha nusu ya njia, iliyobaki anasukuma.

Jioni, mezani kwake, anamaliza kumwandikia mama yake barua. "Nimeweka yote, hata kusukuma. Mama akinusa uongo, mtoto haji."

Anatumaini Nyanchama atafika kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Kitanda chake kimeshatandikwa.

Analamba gundi ya bahasha, anaibana kwa kiganja, anavuka barabara. Anaitumbukiza katika sanduku la posta, kisha anafungua tena kifuniko kuhakikisha kwamba imeanguka.