Wafu Walio Hai wa Jeppestown

Jumamosi nilikuwa saluni Jeppestown, hapa Johannesburg, nasukwa, masikio wazi. Msusi wangu ni mama wa Kikongo, na mwanawe anaimba rap: wimbo mkali wa jinsi mtu mweusi anavyofukuzwa katika mitaa ya matajiri. Lakini mashabiki wake ni Wakongo, na kwao ukimtunza mwanamuziki kwa pesa, sharti akutaje. Basi wimbo umejaa majina: muuza vitenge, fundi cherehani, hata mama mwenyewe, aliyembandika noti kwenye kipaji cha uso.

Kijana akaingia na mzungu mwenye studio, aliyekuja kuamua kama atampa mkataba. Mzungu akausikiliza wimbo kwenye simu. Majina yalipoanza, akavua kofia akaiweka kifuani.

“Hawa ndio waliouawa?” akauliza polepole. “Wateja wangu watalia. Ndicho wanachonunua.”

Kijana akamtazama mama yake.

“Ndiyo,” akasema. “Ndio hao.”

Mama akamgeukia kwa Kiswahili, huku akitabasamu ili mgeni asishtuke. “Mwana, mimi nilikufa lini?”

“Maman, tulia. Ukifufuka tu, mkataba umekwenda.”

Mama akatulia, ila nywele zangu alizivuta mpaka machozi yakanitoka. Mzungu akaniona, akanipa pole.

Alipoondoka na mkataba umeshasainiwa, mama akauliza, “Sasa siku ya onyesho nitakaa wapi?”

“Nyumbani, Maman.”

Eish! Mimi nitakwenda. Sijawahi kumtunza yule kijana hata siku moja, kwa hiyo mimi bado ni mzima.