Tarfa Aliyetaka Maji Yasiyo na Macho

Mwaka ambao Tarfa alistaafu ualimu mkuu wa shule ya wasichana, magoti yake nayo yaliomba kupumzika. Daktari aliyabonyeza, akayakunja, akayasikiliza yakilia kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha akasema dawa yake ni maji. Aogelee, na kama hajui kuogelea basi atembee humo ndani, maji yakimfika kifuani.

Alikwenda kwenye bwawa la wanawake lililokuwa jirani na mtaa wao, kaskazini mwa Riyadh. Hakumaliza hata robo saa. Mwanamke mmoja aliibuka kutoka majini mbele yake, akafuta uso na kupaza sauti, "Mwalimu Tarfa! Hunikumbuki? Ulinifukuza darasani kwa kutafuna ubani!" Wenzake watatu wakageuka kutazama.

"Wanafunzi wangu maisha yao yote wameniona nimefunga vifungo hadi kidevuni," alimwambia mwanawe Mishari jioni ile. "Siwezi kuwaacha sasa wanione nimelowa kama kuku aliyenyeshewa."

Wale wasichana, ukiwauliza, wangekuambia hiyo ilikuwa haki ya Mungu. Shuleni walimwita Mnara. Kutoka roshani ya juu alikuwa akimwona anayetafuna, anayesinzia, na anayefikiria kutafuna. Lakini Tarfa hakuona kinachochekesha. Aliamua kuchimba bwawa lake mwenyewe katika ua wa nyuma, mahali palipokuwa na nyasi zilizochoka, safu ya vyungu vya mrehani na nanaa, na stoo ya matofali iliyokuwa ya marehemu mumewe, ambayo ingebomolewa.

Mishari alifurahi kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa benki, ila moyo wake ulikuwa kwenye kubomoa nyumba za watu na kuzijenga upya, maadamu nyumba si yake. Alikuja na michoro kwenye kompyuta: jiko la nje, sakafu ya mbao, taa za chini ya maji zinazobadilika rangi, na badala ya ukuta wa sebule, kioo kitupu.

"Kioo cha nini?" mama yake akauliza.

"Ili ukiwa sebuleni ulione bwawa, Mama."

"Na nikiwa bwawani, wageni walioko sebuleni waone nini?"

Mishari akafuta kioo. Mama yake akamwambia afute na taa pia, kwani yeye anakwenda kuponya magoti, hafungui ukumbi wa harusi. "Mimi nataka vitu viwili tu. Maji, na pasiwe na macho."

Mkandarasi alikuwa Mmisri aitwaye Usta Shukri, yaani Fundi Shukri, mtu mnene, kalamu nyuma ya sikio, ambaye kila tatizo la dunia kwake lilikuwa na tiba moja.

"Mabati, Hajati," alisema. "Tunapandisha mabati juu ya ukuta."

"Jirani wa kulia tayari ana mabati."

"Basi yako yampite."

"Naye akiongeza?"

"Nitamwekea mimi," alisema Shukri kwa moyo mweupe. "Namba yangu anayo."

Ndivyo mtaa mzima ulivyokuwa umepanda kwenda juu mwaka hadi mwaka, hata mgeni angedhani kila ukuta unaficha hazina, kumbe ni viti vya plastiki na baiskeli mbovu. Mabati yangemkinga Tarfa na jirani wa kulia na wa kushoto. Tatizo lilikuwa nyuma. Nyuma paliishi Mama Sattam katika nyumba ya ghorofa tatu, na juu kabisa palikuwa na dirisha pana lililotazama moja kwa moja ua wa Tarfa. Tangu ghorofa ile ijengwe, Tarfa aliihesabu kuwa ni majivuno, na salamu zake kwa Mama Sattam zilikuwa za Idi hadi Idi, tena kwa simu.

"Kutoka kule wanaona wapi na hawaoni wapi?" Shukri aliuliza, akikuna kichwa. "Nikijua, nitajua bwawa likae wapi."

Mishari alipendekeza kurusha kidege chenye kamera.

"Uniletee jicho linaloruka?" mama yake akamaka. "Ndani ya ua wangu mwenyewe?"

Ikabaki njia moja. Alhamisi baada ya alasiri Tarfa alivaa abaya yake nzuri, akachukua sahani ya kleja, biskuti za tende alizooka mwenyewe, akazunguka mtaa na kubisha mlango wa Mama Sattam.

Mama Sattam, mwanamke mpana wa sauti na mwili, alimpokea kama aliyekuwa akimngoja. Aliwasha ubani, akamimina kahawa kutoka kwenye dele, akamlisha tende, akamuuliza habari za kila jamaa aliye hai na kila aliyekufa. Tarfa alizunguka mbuyu mpaka kikombe cha tatu, ndipo akatikisa kikombe kuashiria imetosha, na akasema.

"Jirani, nina ombi la ajabu. Nataka kuiangalia nyumba yangu kutoka dirishani kwako."

"Mbona hilo dogo?" Mama Sattam akacheka. "Sisi tunaiangalia bure miaka yote. Twende. Ila ngazi tupande polepole, na mimi magoti yangu ni mali ya hospitali."

Walipanda wakipumzika kila pembe, wakisikilizana magoti. Juu kulikuwa na chumba cha kushonea. Tarfa akasogeza pazia.

Ua wake ulikuwa umelala chini kama kiganja kilichofunguliwa. Kamba ya nguo. Kandambili zake. Vyungu vyake katika mstari ulionyooka.

"Kwa hiyo mnaniona," akasema taratibu.

"Tunakuona? Shoga, wanangu wamekua wakikutazama! Kila asubuhi unasimama mbele ya vyungu, mikono nyuma, unavihutubia. Sattam alikuwa akishuka mbio kuniambia, 'Mama, leo mwalimu mkuu kaigombeza nanaa!' Siku ulipouhamisha mrehani mmoja pembeni peke yake tulihuzunika. Tukaulizana, kafanya kosa gani yule?"

Uso wa Tarfa ukawaka moto. "Alikuwa na wadudu," akasema kwa heshima zote zilizobaki.

Ndipo macho yake yakatua juu ya paa la stoo. Palikuwa na kiti cheupe cha plastiki, kimepauka kwa jua, na kando yake kopo la maziwa ya unga.

"Kile kiti ni cha nani?"

Mama Sattam akashusha sauti. Kwa mwanamke yule, kunong'ona kulikuwa habari kubwa.

"Cha marehemu mumeo," akasema. "Alikuwa akipanda jioni jioni. Anavuta sigara yake, ana kiredio kidogo, anaimba. Sauti mbaya, Mungu amrehemu! Mimi nilidhani unajua."

"Aliacha sigara alipozaliwa Mishari."

"Basi aliacha," Mama Sattam akasema haraka. "Labda nilikuwa naona moshi wa kitu kingine."

Tarfa alirejea nyumbani bila kumpa Shukri jibu lolote. Kesho yake aliagiza ngazi. Mishari alipiga kelele, "Mama, magoti!" lakini mama alishapanda, kipago baada ya kipago, Shukri akiwa ameishika ngazi na kusoma dua. Alikaa kwenye kile kiti. Kopo lilikuwa na vipisi vya sigara vilivyogeuka vumbi. Alitazama huku na huko kutafuta kilichokuwa kikimvuta mume wake pale, asikione. Matangi ya maji, kuta, madishi ya televisheni, kipande cha mbingu. Miaka yote akiwa chini, akiita "Baba Mishari! Uko wapi?" naye akijibu baadaye kuwa alikuwa msikitini. Ilimchukua muda kukubali kwamba mandhari aliyoipenda yule bwana ilikuwa ni ile isiyokuwa na Tarfa. Mtaa wote ulimwona isipokuwa mkewe, Mnara mwenyewe.

Alilia kidogo, kisha akacheka, na Mishari pale chini hakujua ashike lipi.

"Stoo isibomolewe," alisema aliposhuka. "Bwawa lisogezwe."

"Hajati, likisogea litakuwa beseni!"

"Na liwe beseni."

Kuhusu dirisha, Mama Sattam alikubali kulibandika karatasi ya ukungu isiyoruhusu kuona, kwa sharti moja: magoti yake nayo yapate maji. Tarfa alisema ataliangalia jambo hilo, kama alivyokuwa akiwaambia wazazi shuleni, maana yake hapana.

Bwawa likakamilika. Mabati yakasimama pande tatu, dirisha likafifia, na asubuhi ya kwanza Tarfa alishuka majini peke yake. Hapakuwa na jicho. Hapakuwa na sauti. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akageuka, akatembea tena. Kwenye mzunguko wa nne aliteleza, akameza maji, akashika ukingo akikohoa. Aliangalia mabati, akaangalia dirisha. Ilimjia kwamba hata angezama, angekuwa amezama kwa siri kamili.

Alitoka, akajifunga taulo, akapiga simu.

"Uko wapi wewe?"

"Niko kwangu," akajibu Mama Sattam. "Mimi nimezibwa macho, nitajuaje kama uko majini au uko kitandani?"

"Njoo. Na uje na nguo ya kuogea, usije na gauni la kulalia."

Mama Sattam alikuja na gauni la kulalia, pamoja na dada zake wawili, chupa ya chai na sufuria ya jirishi, uji mzito wa ngano, iliyofunikwa kitambaa. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Walipoingia wote wanne, maji yalifurika yakaenda kumwagilia mrehani. Tarfa aliwapanga mstari mmoja, akawaambia watembee kwa utaratibu, bila kuzungumza.

"Mwalimu," dada mdogo akainua mkono uliolowa, "nina ubani mdomoni. Niuteme?"