Mkasi wa Parachichi na Mishale Kumi na Miwili

Mume wangu Joachim ana upole wa kumtia mtu wazimu. Tukila, yeye ndiye wa mwisho kunawa. Tukienda kanisani, wimbo wa kwanza tunausikia tukiwa bado njiani. Na ukimkuta barazani kwetu hapa Kihesa anakata fito za mishale, utaosha vyombo, utafua, utachambua mchele, yeye bado anaugeuza ufito uleule. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, mgema wa Ifunda wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, mtu aliyeujua mwanzi tangu ukichipua. Zamani Joachim aliwatengenezea mishale wafugaji wa Usangu. Siku hizi wanunuzi ni wageni wanaokwenda mbugani, na tangu mwaka juzi, shule moja ya sekondari ya Nyololo, ambako Mwalimu Edmund ameanzisha klabu ya kulenga shabaha kwa upinde. Binti yetu wa pekee, Eveline, anasoma hapohapo kidato cha tatu, anakaa bweni, na ndiye kiongozi wa hiyo klabu.

Vifaa vyake Joachim anavitandaza juu ya gunia. Kisu cha kugemea cha marehemu baba yake. Kipande cha msumeno wa chuma, ule wa meno madogo, alichokizungushia mpira wa tyubu mahali pa kushika. Tupa, msasa, selotepu. Basi. Jirani yetu Shedrack, fundi wa kuchomelea, alimwambia achukue grenda amalize kazi nusu saa. Akakataa, eti grenda inaunguza mwanzi. Kila ufito anaupima kwanza kwa macho ndipo anachagua: huu wa kisu, huu wa msumeno. Anauzungushia selotepu, anakata kidogo, anaugeuza, anakata kidogo, anaugeuza, mpaka uachie wenyewe. Halafu anaukunja taratibu karibu na sikio. Ufito mzima unanyamaza. Wenye ufa unasema "ti".

"Baba Eveline, sasa umeanza kuongea na mianzi?" nilikuwa namtania.

"Yenyewe ndiyo inaongea," ananijibu. "Mshale wenye ufa kamba ikiusukuma, unapasuka ukiwa bado kwenye upinde. Nusu inakwenda mbele, nusu inaingia kwenye mkono ulioshika upinde."

Nilisikia. Nasema mapema kwamba nilisikia, nisije nikajitetea.

Mwezi wa nane shule iliagiza mishale thelathini. Joachim alikuwa amekata fito kumi na nane na kuzimalizia alipopigiwa simu aende Rujewa kumzika shangazi yake. Gari la shule lilikuwa linakuja Ijumaa asubuhi. Alhamisi nikakaa nazitazama zile fito kumi na mbili zilizobaki, na ukutani unaning'inia mkasi wetu wa kupogolea miparachichi, mpya, mkali, hata tawi la unene wa kidole gumba haliusumbui. Nikasema moyoni, mwanaume huyu ananipotezea maisha. Kap! Ufito wa kwanza. Kap! Wa pili. Uji ulikuwa haujapoa, nimemaliza zote. Nikachonga mahali pa kuingizia kamba, nikafunga uzi, nikapaka gundi, nikabandika manyoya kama alivyonifundisha. Nilijisifu, jamani. Nilijisifu mpaka nikamwita Shedrack aje aone. Ijumaa gari likaja, likachukua.

Joachim alirudi jioni ile amechoka, akalala. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nafagia baraza, yeye anakunywa chai. Akainama, akaokota kwenye takataka kipande cha mwanzi chenye urefu wa kidole. Akakiminya. Kikafunguka pande mbili, laini kabisa, hata nguvu hakutumia.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi. Nilikusaidia."

"Kwa nini?"

Sikuelewa anauliza sababu au kifaa. "Kwa mkasi wa parachichi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupungua.

Afadhali angefoka. Aliweka kikombe chini, akaokota kingine, akakiminya, nacho kikafunguka. Akaokota cha tatu. "Mkasi haukati, mama Eveline. Mkasi unaminya. Mwanzi ukiminywa unapasukia ndani, na wewe ufa umeufunika kwa uzi." Akanitazama. "Wanafanya mazoezi saa ngapi leo?"

"Saa nne."

"Na anayejaribu mishale mipya kabla ya wenzake ni nani?"

Ufagio ulinidondoka. Ni Eveline. Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga sheria hiyo, na tuliposikia tulimsifu.

Nikampigia Mwalimu Edmund. Haipatikani. Nikampigia matroni wa bweni, inaita, inaita, inakata. Nikapiga tena. Kwa haraka nikabonyeza namba ya fundi cherehani. Watoto wenyewe hawaruhusiwi simu. Joachim alikuwa ameshatoka na kandambili kwenda kwa Iqbal, yule wa duka la vipuri, ambaye ana pikapu. Iqbal hakuuliza mara mbili. Alifunga duka, akasema "Bismillahi, shemeji, panda," tukaondoka.

Woga nimewahi kuusikia. Nimewahi kukutana na chatu shambani, nimewahi kufanyiwa upasuaji. Huu ulikuwa mwingine. Huu ulikuwa na mkono ndani yake, mkono wa kushoto wa mwanangu, ninaoujua kucha kwa kucha, na kila nikifumba macho nauona umenyooshwa mbele umeshika upinde. Kila baada ya dakika mbili napiga simu, na yule dada wa mtandao ananijibu kwa adabu zake. Nilimtukana. Mungu anisamehe, nilimtukana kwa Kihehe na kwa Kiswahili.

"Shemeji, ongeza mwendo," nikamwambia Iqbal.

"Mbele kuna askari wa tochi za kupimia mwendo, shemeji. Wakitusimamisha tutachelewa zaidi."

Joachim alikaa katikati yetu. Mkononi ameshika kile kipande cha mwanzi. Nilitamani anitukane. Nilimwambia, "Sema kitu basi!" Akasema, "Naogopa, Vere." Alikuwa hajawahi kuniita jina langu tangu Eveline azaliwe. Hapo ndipo nilipoanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya jirani.

Mafinga tulifika saa tatu na nusu, tukakwama nyuma ya lori la magogo linalopanda kama linasukumwa kwa mikono. Saa nne ikapita tukiwa bado barabarani. Niliiona ikipita kwenye simu yangu. Nikaanza kujidanganya: labda mwalimu anaumwa, labda mvua imenyesha huko. Jua lilikuwa linawaka kila mahali.

Tulipoingia lango la shule niliwaona uwanjani, kundi la watoto wamejipanga nyuma ya mstari, na mbele yao mmoja peke yake ameinua upinde. Gari lilikuwa halijasimama, Joachim akanipita juu ya magoti, akaruka. Mume wangu, yule mpole, alikimbia hadi kandambili zikabaki nyuma. "Eveline! Usiachie! Usiachie!"

Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Hakusikia. Aliachia.

Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kimevunjwa jikoni. Upinde ukaanguka. Mwanangu akapiga magoti, ameukumbatia mkono wake.

Sijui nilifikaje pale. Kipande cha mwanzi kilikuwa kimezama kwenye nyama chini ya kidole gumba, urefu wa njiti ya kiberiti umebaki nje, na damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mwalimu Edmund akatuma mtoto kwa nesi, akaagiza mishale yote iwekwe chini. Joachim akapiga magoti mbele ya binti yake. "Tikisa vidole, mama. Kimoja kimoja." Akatikisa. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kidole gumba kikasitasita, halafu nacho kikasogea. Vyote vitano. Nikakaa kwenye majani, nikaushika mkono ule na kuanza kuuzungushia kitambaa changu cha kichwani, bila kugusa kile kipande.

"Baba," Eveline akasema, meno yanagongana. "Niliusikia. Niliukunja kama ulivyonifundisha, ukasema ti. Nikaukunja tena, ukasema ti. Nikajiambia sikio langu bovu, maana huu kakata baba."

Joachim hakunitazama hata kidogo. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Haraka! Joachim! Nikauona uso wa mtoto ukibadilika, anamtazama baba yake kama anamtafuta mtu mwingine ndani yake. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikatai, kwa muda wa pumzi moja niliitaka nafasi hiyo. Mwalimu yupo, Iqbal yupo, watoto wote wapo, na mume wangu ameshaubeba mzigo.

"Anadanganya," nikasema. "Nilikata mimi. Kwa mkasi wa parachichi, nilichoka kusubiri. Sikio lako halikuwa bovu."

Eveline alinitazama kwa muda mrefu. Kisha aliuchomoa mkono wake taratibu kutoka mikononi mwangu, kitambaa kikining'inia nusu, akampelekea baba yake amfunge yeye.