Pipa la Maji ya Mikono

Mwezi uliopita nilirudi Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kumzika nyanya, mama wa mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Nilishuka garini na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla sijafika nyumbani pua ilianza kumtafuta. Kwetu hukumtafuta nyanya kwa macho. Ulifuata harufu ya mawese yanayochemka, ukapita vibanda vya ndagala, dagaa wa ziwani, ukakata kushoto penye mashine ya kusaga mihogo, ukamkuta ameinamia sufuria lake kubwa akipika sabuni. Safari hii harufu haikuwepo. Ndipo nilipolia, rafiki yangu, wala si kaburini.

Ngoja nikuambie habari za mwaka ule wa korona, maana nimekaa nazo kimya muda mrefu mno. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Shule zilipofungwa tulishangilia kama wajinga, tukatupa madaftari uvunguni, tukakimbilia ziwani kuoga. Mwenzangu wa benchi peke yake hakushangilia. Aliishi nyuma ya ua wetu. Mama yake alikimbia vita huko Kilembwe akiwa na mtoto huyo mmoja mgongoni, akawa analima mashamba ya watu na kuuza sombe, majani ya mihogo, mafungu mafungu. Kwa hesabu msichana yule alinipita mbali, na mimi, nisikufiche, nilichungulia daftari lake bila haya. Alikuwa na shangazi huko mjini Fizi, juu milimani, aliyeahidi kumchukua aanze sekondari akishapata cheti cha la sita. Kwa hiyo kila asubuhi alinijia na daftari lake tufanye mazoezi, mimi nikijifanya kichwa kinauma.

Korona yenyewe mtaani kwetu hatukuiona uso. Tuliiona kwa vitu vilivyokosekana. Boti za Kigoma na za Burundi ziliacha kuja, chumvi ikapanda bei, soda ya kupikia sabuni ikaisha kabisa. Walimu waliozoea kuishi kwa kile walicholeta wazazi walianza kuonekana sokoni bila kapu, wakiulizia bei za vitu wasivyonunua. Mwalimu wetu wa la sita, mtu aliyekuwa akipiga pasi hata soksi, nilimkuta siku moja akibeba matofali. Aligeuza uso, na mimi nikageuza wangu.

Kisha redio ikatangaza kwamba darasa la sita watarudi kwanza, wamalize mwaka na kufanya mtihani. Lakini shule isiyo na maji na sabuni mlangoni isifungue, na kila mtoto awe na barakoa, kashine kama tulivyoziita. Shule yetu ilikuwa na kengele na chaki nusu boksi. Direkta, mkuu wetu wa shule, alikuja sokoni mwenyewe, akasimama katikati ya mabeseni ya ndagala akieleza huku anapangusa jasho. Na usifikiri wafanyabiashara wetu ni matajiri. Ni akina mama wa samaki, muuza mabati mmoja, mafundi wa kushona, mwenye duka la dawa, vijana wa pikipiki, na nyanya yangu na sabuni zake. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Direkta, we rudia ku shule yako, ufagie. Batoto batarudia.”

Walichokifanya sijakiona tena popote. Kwetu ukinunua ndagala, ukishapimiwa kopo lako hubanduki. Unangoja konzi moja ya bure juu yake, matabishi. Muuzaji asiyetoa matabishi anasemwa mpaka kanisani. Basi akina mama walikubaliana kwamba mpaka mtihani upite, matabishi yote yataingia beseni moja la bluu katikati ya soko, yawe ndagala, maharage au unga. Wanunuzi walilalamika weee! “Mama, na yangu iko wapi?” “Yako mwalimu amekula,” wanajibiwa, na soko zima linacheka. Jioni beseni liligawanywa kwa walimu kwanza, halafu kwa majirani waliolala njaa. Mama wa mwenzangu alipata fungu lake bila kuomba.

Nyanya, kwa kukosa soda, alirudia majivu ya maganda ya ndizi, kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi na mwenzangu tulizunguka mtaa tukiomba maganda, tukayaanika, tukayachoma, tukamwagia maji yale majivu ndani ya kapu mpaka yakadondoka chini meusi, yanayouma vidole. Sabuni ilitoka laini, ya kahawia, inanuka moshi. Mafundi nao walishona kashine kwa vipande vya vitenge, kila mtoto na ua lake. Ya mwenzangu ilikuwa na picha ya kuku, akawa anasema kuku huyo anamdonoa pua. Muuza mabati alitoa pipa jipya lenye robine, bomba la kufungulia maji. Siku ya kufungua shule tulikuwa na furaha ya Noeli, na mwalimu alikuja amepiga pasi.

Kilichobaki ni maji. Ilikuwa kiangazi, na robine za mtaa zilikohoa hewa tu. Vijana wa pikipiki wakajitolea: kila asubuhi walijaza bidoni, yale madumu ya plastiki, ziwani na kuja kuzimimina kwenye pipa. Baraka hakuna mtoto asiyejua kwamba maji ya pale karibu na mitumbwi hayanyweki bila kuchemshwa. Kolera, kipindupindu, tunaijua kuliko tunavyowajua wajomba zetu, kila mwaka inakuja. Lakini mwaka ule macho yetu yote yalikuwa kwa korona. Tulisema ni ya mikono tu. Nyanya alisema hivyo, direkta alisema hivyo. Hakuna aliyewaza kwamba watoto watakaa joto lote lile mbele ya pipa lililojaa, katika shule isiyo na tone lingine la maji.

Mimi nilipewa kazi ya kulinda robine, kwa heshima ya sabuni ya nyanya. Nilivimba kichwa, nikawa nawaamrisha hata wakubwa wangu wakunje mikono ya shati. Wiki ya pili, saa ya mapumziko, mwenzangu alikuja midomo imemkauka, kashine imeshuka kidevuni. “Mi niko na kiu,” akasema. “Unifungulie kidogo tu.” Nikamjibu, “Hii ni ya mikono, we.” Akasema, “Basi mikono yangu iko na kiu,” tukacheka. Nikamfungulia. Alikinga kikombe cha plastiki, akanywa nusu, akanipa nusu nikamalizia.

Siku ya tatu hakuja shule. Nilipopita kwao mchana alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana, na sauti imemwisha. Kijana wa pikipiki alimweka katikati yake na mama yake, akawakimbiza kwenye mahema ya wagonjwa wa kolera. Mle ndani walikuwemo tayari watu wa mitaa mingine, wakubwa na watoto, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mengi. Mama yake aliruhusiwa kuingia, sisi tukabaki nje ya uzio wa plastiki. Soko lote lilikuja. Mwenye duka la dawa alileta chumvi za kunyweshea, akina mama walileta uji, nyanya alileta sabuni ndani ya kitambaa. Waliviweka vitu vyao chini, wakakaa mavumbini. Walikuwa watu wa kutoa, na hapo hapakuwa na cha kutoa. Mara mbili nilimsogelea muuguzi nimwambie kuhusu pipa, mara mbili nikarudi kukaa mavumbini. Mwenzangu alifariki asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa tufanye mtihani.

Siku ya maziko nilimwambia nyanya. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko wake, akakaa chini pale pale kwenye majivu. Kesho yake pipa lilipinduliwa, likasuguliwa, likatiwa klorini, na watoto wakaambiwa waje na maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani. Nyanya hakumweleza mtu sababu. Mimi aliniambia jambo moja tu: “Mama yake usimwambie. Kilio yake inamutosha.”

Hatukujua kwamba mama yule alikuwa ameshampata wa kumlaumu. Siku chache kabla ya ugonjwa kuni zilimwishia, akachota maji ziwani na kuyaweka mtungini bila kuchemsha. Mtungi aliuvunja mbele ya mlango, vigae vikabaki hapo matanga yote, watu wakivikwepa kwa miguu. “Ni mi nilimunywesha,” alimwambia kila aliyekuja kumhani. Nyanya alikuwepo akasikia, nami nilikuwepo. Chakula cha matanga kilitoka kwenye lile beseni la bluu, na mama yule alishukuru kila konzi. Mimi na nyanya tulikula kama wengine.

Mtihani niliufanya. Mwalimu aliniacha peke yangu kwenye benchi letu, hakuweka mtu. Nilifaulu, na soko likanipigia vigelegele.

Leo beseni halipo. Matabishi yalirudi kwa wanunuzi, na wasichana wanaouza ndagala siku hizi ukiwaeleza habari ile wanadhani unawatania. Muuza mabati alihama, direkta amestaafu, mwalimu wetu nilimwona Uvira akiuza vocha za simu, shati limenyooka vilevile. Nyanya naye ndiye huyo tumemzika. Ni watu wema kuliko wote niliowahi kuishi nao, na wema wao ndio uliomuua mwenzangu, kwa mkono wangu. Nimejaribu miaka yote kulisema jambo hilo kwa namna nyingine, na namna nyingine sijaipata.

Matanga ya nyanya yalipoisha, nilikwenda nyuma ya ua. Mama yule bado anakaa pale pale. Nilimkuta kwenye kigoda akichambua sombe, akanisogezea kigoda cha pili. Nikamwambia yote: pipa, robine, kikombe, nusu yake na nusu yangu. Nikamwambia si mtungi wake uliomuua mtoto. Mikono yake haikusimama. Nilingoja anipige, au alie, au hata ashushe pumzi kwamba si yeye.

“Kikombe moja?” akauliza, polepole, bila hasira.

“Moja, mama.”

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, mwanamke mzima wa miaka kumi na tisa, mwenye cherehani yake mjini. Akaweka sombe chini.

“Sasa we, mutoto yangu,” akasema, kama anayeuliza dawa, “ulipona namna gani?”

Nusu yangu niliimaliza, na hata tumbo halikuniuma. Akaegemeza mikono magotini, akangoja.