Zélie Aliyesikia kwa Meno

Zélie Guignard alikuwa na miaka arobaini na saba alipogundua kwamba barafu ya ziwa haimsemeshi tena. Kila Januari ziwa letu likiganda, barafu hupasuka kwa mngurumo unaotikisa vioo vya madirisha, na watu wa kijiji chetu, Les Bioux, huinua vichwa kidogo kisha hurudi kwenye supu zao. Jumapili ile, kanisani, aliona shingo zote zinageuka kuelekea ziwani, naye hakuwa amesikia chochote. Akageuza shingo kama wenzake, asije akashtukiwa.

Baada ya hapo sauti zilimwondokea moja moja, bila kuaga. Zilitangulia kengele za ng'ombe wanaoshuka kutoka malisho ya juu mwishoni mwa Septemba. Likafuata birika la maji. Kisha mchungaji wa kanisa, ambaye kumkosa, kusema kweli, hakukuwa hasara ya kulilia. Zélie alitembea katika bonde lililokuwa kimya kama limejaa theluji hata wakati wa kiangazi, mahali ambapo midomo ya watu inachezacheza, mbwa wanapiga miayo ya kubweka, na milango inafungwa laini. Hakukuwa kubaya huko. Kulikuwa mbali tu.

Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba kijifupa kidogo ndani ya sikio kimekakamaa, na mwenzake wa upande wa pili anafuata. Dawa hakuna. Akamshauri apumzike.

Apumzike vipi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza? Katika karakana ya Bwana Reymond, ng'ambo ya ziwa, zilitengenezwa saa za mfukoni zinazotaja wakati kwa sauti. Unasukuma kipini ubavuni, nyundo mbili ndogo zinagonga nyaya mbili za chuma zilizozungushwa ndani: waya mnene kwa saa, mwembamba kwa dakika, na zote mbili kwa kila robo. Mikono arobaini ilikata magurudumu na kung'arisha vichwa vya skrubu ambavyo hakuna mnunuzi angeviona, lakini mwenye kuipa saa sauti alikuwa Zélie peke yake. Alipitisha tupa kwenye shina la waya, akasikiliza, akapitisha tena. Ukizidisha mpapaso mmoja, waya huo hauna maana, unaanza upya. Baba yake alimfundisha kazi hiyo dirishani nyumbani, wakati wanaume wa bonde walipokuwa wakisema sikio la mwanamke limeumbwa kusikia watoto wakilia. Walipoisikia saa yake ya kwanza walipata mambo mengine ya kusema.

Alichokiogopa kilikuwa kimoja. Meza yake ya kazi ikiondoka, hakuna sauti itakayombakia duniani.

Kwa maana kwenye meza ile sauti ilibaki, na aliipata kwa bahati tu. Siku moja mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akauma kijiti cha msonobari anachosafishia vitundu. Ncha ya kijiti ikagusa saa wakati nyundo zinapiga, na sauti ikaingia kupitia meno, ikapanda taya, ikajaa kichwani, tamu na ya karibu sana, kana kwamba saa inagonga ndani yake. Zélie aliinama juu ya meza akalia, akasingizia vumbi la chuma.

Miaka mitatu akafanya kazi hivyo. Wenzake walidhani kuuma kijiti ni mazoea ya uzee. Saa zilitoka, zikaenda kwa matajiri wa mbali, na hakuna aliyeuliza.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mume wake, Numa, alikuwa mtengeneza jibini, na kwa asili yake mtu wa maneno mengi. Kutwa alizunguka ghalani akigonga magurudumu ya jibini kwa kinyundo ili asikie lililopata tundu ndani, na jioni alirudi na habari. Zélie aliitikia kwa kichwa mahali pasipostahili, akacheka habari za msiba. Polepole Numa akapunguza maneno. Mwaka wa tatu alikula supu yake kimya.

Ndipo saa moja ikarudishwa kutoka Vienna.

Bwana Reymond aliileta mwenyewe. Masharubu yake yalikuwa adui mkubwa wa Zélie, ambaye sasa alisoma midomo ya watu, kwa sababu yalifunika mdomo wote wa juu na maneno yalitoka nusunusu.

"Mama Zélie, mteja anasema saa yake inakohoa."

"Inakohoa?"

"Sikiliza mwenyewe."

Bila kufikiri aliuma kijiti, akakigusisha kwenye saa, akasukuma kipini. Iliimba vizuri kupita kiasi.

"Haina ugonjwa wowote, bwana."

"Kitoe kijiti mdomoni, uisikilize kama watu."

Akaiweka sikioni. Hakusikia kitu, na katika kutosikia huko akaelewa alichofanya. Miaka mitatu amekuwa akizilainisha saa zisikike kwenye mbao na mfupa, si hewani. Mteja wa Vienna hakununua saa ya kuuma. Bwana Reymond alikuwa amegeukia dirisha, bega linatikisika kidogo anapozungumza, na Zélie hakumjibu. Mzee akageuka. Akaelewa.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Nenda nayo nyumbani, uirekebishe. Jumatatu tuzungumze."

Jumapili, baada ya kanisa, alimwambia Numa. Alimwambia yote, akiwa amekazia macho mdomo wake, na ahsante Mungu Numa hunyoa.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza tumuuze ng'ombe mweusi, ukakubali..."

"Nilidhani unasema kuna baridi."

"Nilimuuza, Zélie."

"Niliona zizi lina nafasi."

Numa alitaka kucheka, uso ukakataa. "Miaka mitatu naongea na ukuta, mwanamke wewe. Nilidhani umenichoka. Nilikuwa nakaa kule ghalani mpaka jioni nikiogopa kurudi kwangu mwenyewe."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameficha sikio lake ili asipoteze meza, na kumbe kila jioni alikuwa anampoteza mtu. Aliona haya, haya ya kweli ya kuchoma masikio yale yale yasiyofanya kazi. Akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka viazi vikaungua, ambavyo alivitambua kwa pua.

Kisha wakaanza kazi. Zélie aliweka nyaya mpya, akauma kijiti na kushika tupa. Numa alisimama nyuma yake, jicho moja amelifumba, kama anavyosimama mbele ya jibini lenye shaka. Kidole kimoja begani kilikuwa na maana ya bado. Viwili, simama. Yeye alisikiliza mzizi wa sauti, mume akasikiliza hewani, na kati ya kidole na meno saa ikaanza kupata njia yake. Nje theluji ilianguka bila haraka. Saa kumi hivi, mwanga ukiwa bado dirishani, vidole viwili vilitua begani na havikuondoka. Aligeuka akaona uso wa Numa, akajua.

Jumatatu Bwana Reymond alisikiliza amefumba macho. Akasukuma kipini mara ya pili, halafu ya tatu.

"Hujawahi kutoa sauti kama hii."

"Hatujawahi," Zélie akamsahihisha, akamweleza.

Mzee alikuna masharubu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kuuma. "Siwezi kuwa na meza yenye sikio linaloishi kwenye ghala la jibini. Meza nampa mwenzako Gaspard. Wewe utang'arisha skrubu pale dirishani, mshahara ule ule."

Alikubali, kwa kuwa mtu hula. Aliiacha saa juu ya meza, akakata kando ya ziwa kurudi kwake. Barafu ilikuwa imetandaa mpaka msituni, nyeupe, na yeye akatembea ndani ya kimya kilichokamilika sasa, kisicho na mlango. Sauti yake ya mwisho ingekwenda Vienna, mfukoni mwa mtu asiyemjua.

Nyumbani alikaa mezani na koti lake. "Wamempa Gaspard," akasema, akafumba macho, maana siku hiyo hakutaka kusoma mdomo wa mtu yeyote.

Akahisi mkono ukiingia kwenye mfuko wa aproni yake. Kijiti kikamgusa midomo. Akakiuma kwa mazoea, bila kufungua macho, na upande wa pili Numa akakaza ncha kwenye mfupa wa taya lake mwenyewe.

"Zélie," sauti ikasema ndani ya kichwa chake. "Supu inapoa."

Sauti ile ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na mkwaruzo ambao haukuwepo zamani, na pumzi fupi mwishoni, na hakuna aliyemwambia. Alikaza meno asije akaipoteza, machozi yakatelemka mpaka kwenye kijiti.

"Sema tena," akamwambia, na supu ikapoa kabisa.